Shule iliyoambiwa imeporomoka: uchambuzi wa kisa kutoka shule moja ya msingi ya umma Marekani

Kisa hiki kinahusu shule ya msingi ya umma katika mji wa ukubwa wa kati, kati-magharibi mwa Marekani. Jina la shule, mji na jimbo nimeyaondoa. Alama za shule nimezieleza kwa maneno badala ya asilimia kamili, maana majedwali ya matokeo ya kila shule ya umma nchini humo yako wazi mtandaoni, na mtu mwenye nusu saa angeitambua. Mimi nilikuwa mratibu wa familia zinazozungumza Kiswahili, nikaingizwa kwenye timu ndogo iliyopewa kazi ya kueleza kwa nini matokeo yanashuka. Msomaji ajue basi kwamba niliyoyaona kwa karibu ni ya upande huo.

Usuli

Shule inachukua watoto kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Ni shule ya mtaa: mtoto anasoma hapo kwa sababu nyumbani kwao ni ndani ya mipaka iliyochorwa na wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo. Zamani mtaa ulikuwa wa wafanyakazi wa viwandani, Wazungu kwa sehemu kubwa, Wamarekani Weusi kiasi, kisha familia za Kilatino. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 zikaanza kufika familia za wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingi kupitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa idadi ya wakimbizi wanaopokewa na Marekani, na mtaa huu ulikuwa na nyumba za kupanga ambazo mishahara ya kiwanda cha nyama iliweza kuzilipia.

Wengi wa watoto hao walizaliwa kambini. Shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa amesoma kidogo kwa Kifaransa, anazungumza Kiswahili uwanjani na Kibembe kwa bibi yake. Mwingine wa umri huohuo hajakaa darasani hata mwaka mmoja kamili. Na umri wenyewe una mashaka: katika orodha ya wageni, tarehe ya kuzaliwa iliyojirudia kuliko zote ilikuwa Januari 1, ambayo hupewa mtu asiye na cheti. Mtoto hupangiwa darasa kwa tarehe hiyo.

Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015, ambayo wenyewe huiita ESSA, inalazimisha majimbo kuwapima watoto wote kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Matokeo hutangazwa kwenye kadi ya ripoti ya shule, kwa shule nzima na kwa makundi: rangi na asili, kipato duni, ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Mgeni aliye chini ya miezi 12 katika shule za Marekani anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja. Baada ya hapo alama zake huhesabiwa kama za wengine, au hatua kwa hatua, kutegemea jimbo lilivyochagua.

Yaliyotokea

Matokeo ya majira ya kuchipua ya 2023 yalipotoka, asilimia ya watoto waliofikia kiwango cha kusoma ilikuwa imeshuka tena. Kabla ya janga la korona zaidi kidogo ya nusu ya watoto walikuwa wanafikia kiwango. Sasa walikuwa kama theluthi. Gazeti la mji likaandika. Habari hiyo ilikuwa na sentensi mbili zilizofanya kazi kubwa kuliko nyingine zote: kwamba shule imeanguka, na kwamba sasa asilimia 100 ya watoto wake ni maskini.

Hiyo ya umaskini ilistahili kuangaliwa siku hiyohiyo, lakini hakuna aliyeiangalia. Marekani imezoea kupima umaskini shuleni kwa fomu ya chakula: familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini hula bure, na isiyozidi asilimia 185 hulipa kidogo. Lakini upo utaratibu mwingine unaoruhusu shule yenye watoto wengi wa kipato duni kuwalisha wote bure bila fomu. Kigezo cha kuingia humo kilikuwa asilimia 40 ya watoto wanaotambuliwa moja kwa moja kupitia misaada kama ya chakula, na mwaka 2023 kikashushwa hadi asilimia 25. Shule yetu ilikuwa imeingia. Tangu hapo kila mtoto alihesabiwa kwenye safu ya kipato duni, hata wa mwalimu na wa fundi bomba mwenye kampuni yake. Hakuna familia iliyofilisika mwaka ule. Kilichobadilika ni fomu.

Mkutano wa wazazi ulifuata, ukumbi ukajaa kuliko kawaida. Wazazi wa mtaani walisema, kwa adabu mwanzoni, kwamba walimu wana muda wa wageni tu. Wazazi wa Kikongo walikaa nyuma, wachache, na mkalimani wa simu aliyekuwa anakatika. Mjumbe mmoja wa bodi ya wilaya akaleta pendekezo: watoto waliofika karibuni wahamishiwe kituo maalumu upande wa pili wa mji, wakae mwaka mmoja au miwili wajifunze Kiingereza, ndipo warudi. Bodi ikampa mwalimu mkuu muhula mmoja alete maelezo.

Tulivyoyasoma matokeo upya

Timu ilikuwa ya watu watano: mwalimu mkuu, mtu wa takwimu kutoka wilayani, mwalimu wa Kiingereza kwa wageni, mwalimu wa darasa la nne na mimi. Jambo la kwanza lililoamuliwa, kwa shinikizo la mtu wa takwimu, ni kuacha kabisa makundi ya kadi ya ripoti. Makundi hayo yanatakiwa kisheria na yana kazi yake, lakini hapa yalikuwa yanaficha. Kundi la Weusi, kwa mfano, liliwaweka pamoja mtoto ambaye babu yake alihamia mji huu kutoka Mississippi na mtoto aliyeshuka kwenye ndege Februari iliyopita. Kushuka kwa kundi hilo hakukumwambia mtu lolote kuhusu yeyote kati yao.

Tukagawa kwa historia ya mtoto shuleni. Wa kwanza ni waliokuwapo tangu chekechea na nyumbani wanazungumza Kiingereza. Wa pili, waliokuwapo tangu chekechea lakini lugha ya nyumbani ni nyingine. Wa tatu, waliofika kutoka nje ya nchi ndani ya miaka mitatu. Wa nne, waliohamia katikati kutoka shule nyingine za Marekani, mara nyingi za mji huohuo. Kwa kila mtoto tukatazama alama ya mwaka huu pamoja na ya mwaka uliotangulia, kwa sababu kadi ya ripoti hulinganisha darasa la nne la mwaka huu na darasa la nne la mwaka jana, ambao ni watoto wengine kabisa.

Kabla ya kusema tulichokuta, mfano wa kubuni utasaidia. Darasa lina watoto 100. Themanini ni wenyeji, na asilimia 60 yao wanafaulu, yaani 48. Ishirini ni wageni, wanafaulu wawili. Jumla ni 50. Mwaka unaofuata wenyeji wamepungua hadi 60 na ufaulu wao umepanda hadi asilimia 65, yaani 39. Wageni wamefika 40 na ufaulu wao umepanda kutoka asilimia 10 hadi 15, yaani sita. Jumla ni 45. Kila kundi limepanda kwa pointi tano, na shule imeshuka kwa pointi tano. Wanatakwimu hukiita kitendawili cha Simpson, kwa jina la Mwingereza aliyekieleza mwaka 1951.

Sehemu kubwa ya kushuka kwa alama za kusoma ilikuwa ya namna hiyo. Kundi la pili lilikuwa linafanya vizuri: kufikia darasa la tano watoto wa Kilatino na Wakongo wa mwanzo waliokulia hapo walikuwa sambamba na kundi la kwanza, na katika kusoma walikuwa mbele kidogo. Kundi la tatu lilikuwa chini sana kwa alama lakini lilikuwa linapanda kwa kasi kuliko yote. Hapo hapakuwa na shule iliyoporomoka.

Mwalimu mkuu alifurahi. Alitaka tuishie hapo, tuandike kurasa mbili na mchoro. Mwalimu wa darasa la nne ndiye aliyekataa, akaomba tuone na alama za somo la hesabu.

Hesabu zilikuwa habari nyingine. Kundi la kwanza, wenyeji wa Kiingereza ambao hakuna aliyekuwa na wasiwasi nao, lilikuwa linaingia darasa la nne likiwa sawa na wastani wa jimbo na kutoka likiwa chini yake, miaka miwili mfululizo. Hilo haliwezi kuelezwa kwa wageni kuongezeka, kwa sababu wageni hawakuwamo kwenye kundi hilo. Na kundi la nne, watoto wa kuhamahama, lilikuwa ndilo lenye ukuaji mdogo kuliko yote, chini ya wakimbizi. Katika mkutano wote wa wazazi hakuna aliyewataja. Hawana lugha yao, hawana safu yao kwenye ripoti, na wazazi wao mara nyingi wameshahama kabla barua ya mkutano haijafika.

Daftari la hesabu

Nikiwa katika kazi hiyo, baba mmoja alinisimamisha nje ya shule wakati wa kuchukua watoto. Mwanawe alikuwa ameletewa barua ya kupendekezwa kufanyiwa tathmini ya ulemavu wa kujifunza.

“Mwalimu, huyu kambini alikuwa wa pili darasani,” alisema. “Hapa naambiwa hajui kugawanya. Amesahau njiani?”

“Hapana, mzee wangu. Lete daftari tuone.”

Alilileta kesho yake. Maswali ya kugawanya yalikuwa na alama za kosa ukurasa mzima. Mtoto aliweka namba inayogawanywa kushoto, akachora mstari wa wima, namba inayogawanya akaiweka kulia na jibu chini yake. Hatua za kutoa alizifanya kichwani, akaandika baki tu. Ndivyo wanavyofundisha walimu waliopita kwenye mtaala wa Kifaransa. Mwalimu, aliyezoea namba inayogawanya ikae kushoto na jibu juu, aliona tarakimu zilizotawanyika zisizo na hatua, na pembeni akaandika kwamba mtoto aonyeshe kazi yake. Palipokuwa na desimali mtoto alitumia mkato badala ya nukta, na hilo nalo lilikosolewa. Tulipitia ukurasa pamoja na mwalimu wake: majibu mengi yalikuwa sahihi.

Tathmini ya ulemavu ilisitishwa. Nalitaja daftari hili kwa sababu lilituonyesha kitu ambacho takwimu haikuweza: kwamba hata sehemu ya udhaifu wa kundi la tatu katika hesabu ilikuwa ya msomaji wa daftari. Mwalimu yule hakuwa mzembe. Hakuwahi kuambiwa mtoto ametoka shule gani, kwa kuwa fomu ya kuandikisha haikuuliza.

Kwa nini darasa la nne

Tulikaa kwenye madarasa matatu ya darasa la nne kwa wiki kadhaa, tukasoma na mipango ya masomo. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilianzia kwa watu wazima.

Ya kwanza ni ratiba. Mwalimu wa Kiingereza kwa wageni aliwatoa watoto wake darasani kwa dakika 45 kila siku, na nafasi iliyopatikana kwenye ratiba ilikuwa saa ya hesabu. Watoto walirudi wakakuta somo limepita katikati. Mwalimu wa darasa akalazimika kurudia, na waliokuwapo tangu mwanzo wakasikiliza somo moja mara mbili.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi na ngumu kuisema kwenye kikao. Walimu, kwa nia njema, walikuwa wamepunguza kasi na kina. Darasa la nne ndilo lenye kazi kubwa ya sehemu, yaani namba kama nusu na robo: kulinganisha zenye asili tofauti, kujumlisha na kutoa zenye asili moja, kuzizidisha kwa namba nzima, kuzigeuza desimali. Sura za mwisho za kazi hiyo zilikuwa hazifundishwi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watoto wengi hawana Kiingereza cha kutosha kwa maswali ya maneno. Kwa hiyo mtoto wa mtaani aliyezungumza Kiingereza tangu kuzaliwa alikuwa anakosa sehemu kwa sababu ya mwenzake, na mwenzake, ambaye angeweza kujumlisha robo na nusu kwa lugha yoyote, naye alikuwa anazikosa. Wazazi waliolalamika kwamba watoto wao wananyimwa kitu walikuwa na haki. Walichokosea ni aliyewanyima.

Maamuzi na sababu zake

Kituo maalumu kilikataliwa. Vituo vya namna hiyo vipo katika wilaya nyingi za Marekani na vingine hufanya kazi nzuri, hasa kwa vijana wa sekondari waliokosa shule kabisa, kwa hiyo hatukulikataa wazo kwa jumla. Tuliangalia watoto hawa: wadogo, wanaopanda kwa kasi hapo walipo, wenye kaka na dada katika jengo hilohilo. Safari ya basi ingekula karibu saa moja kila upande. Na kulikuwa na hoja ambayo mtu wa takwimu aliieleza bila kuipamba: kituo kingepandisha alama za shule mwaka wa kwanza hata kama hakuna mtoto aliyejifunza kitu, kwa sababu alama zingehamia jengo jingine. Bodi ikipongezwa kwa hilo, nani ataangalia sehemu za darasa la nne?

Kiingereza kikaondolewa kwenye saa ya hesabu. Mwalimu wa wageni akaanza kuingia darasani kufundisha pamoja na mwalimu wa darasa siku tatu kwa wiki, na siku mbili kuwatoa watoto wakati mwingine. Mpango wa sehemu ulirudishwa wote, na sura za mwisho zikasogezwa kabla ya mtihani badala ya baada yake. Walimu wawili waliona tunawaongezea mzigo, na walikuwa sahihi. Mzigo uliongezeka. Wilaya ilitoa siku za kupanga pamoja, pungufu ya zilizoombwa.

Fomu ya lugha ya nyumbani ilifanyiwa upya kwa simu, na mkalimani anayefahamika, kwa familia zote zilizokuwa zimeandikwa Kiswahili. Nyingi zilikuwa zimejaza Kiswahili kwa sababu ndicho alichozungumza mtu aliyewapokea uwanja wa ndege. Tulikuta Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, na nyumba ambazo mama hakisikii Kiswahili vizuri. Tukaongeza maswali mawili: mtoto amesoma wapi, na kwa lugha gani.

Kwa watoto wa kuhamahama tulifanya jambo moja dogo na moja kubwa. Dogo: kila anayehamia apimwe kusoma na hesabu kwa dakika 20 ndani ya wiki ya kwanza, badala ya kusubiri mafaili kutoka shule aliyotoka. Kubwa lilitokana na sheria ya McKinney-Vento ya 1987, inayowahusu watoto wasio na makazi. Sheria hiyo haiwahusu wanaolala nje au kwenye makao ya dharura tu. Familia iliyopoteza nyumba ikajibana kwa ndugu nayo inahesabiwa, na mtoto ana haki ya kubaki shule aliyokuwapo na kupewa usafiri. Ofisi ya shule ilikuwa inawaambia wazazi wa aina hiyo wakaandikishe watoto karibu na wanapolala sasa. Hiyo ilisimamishwa mara moja.

Mwisho, taarifa kwa bodi na wazazi ikawa na namba mbili pamoja kila mara: walipo watoto, na wamepanda kiasi gani tangu mwaka uliopita, kwa makundi manne. Wazo halikuwa letu. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamelinganisha mamilioni ya alama za nchi nzima, wakaonyesha kwamba wastani wa alama za eneo hufuatana sana na kipato cha familia za hapo, lakini kasi ya watoto kupanda mwaka hadi mwaka hufuatana nacho kwa kiasi kidogo tu. Chicago, mji ambao alama zake zilidharauliwa miaka mingi, katika uchambuzi wake wa 2017 ulionekana kuwapandisha watoto kwa kama miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano, kati ya darasa la tatu na la nane.

Matokeo

Majira ya kuchipua ya 2024 alama ya kusoma ya shule nzima ilishuka tena kidogo. Tulikuwa tumeiambia bodi itashuka, kwa kuwa wageni wa 2023 walikuwa wanaingia kwenye hesabu, na kulisema mapema kulisaidia kuliko maelezo yoyote ambayo tungeyatoa baadaye. Hesabu za darasa la nne zilipanda katika makundi matatu kati ya manne. Kundi la kwanza lilirudi karibu na wastani wa jimbo. Sitaki kulikuza hilo: madarasa matatu yana watoto kama 60, na mtoto mmoja peke yake ni zaidi ya pointi moja na nusu. Lakini mwaka uliofuata walibaki hapo, nikaanza kuamini.

Kundi la nne halikupanda. Lilipungua idadi, kwa sababu watoto kadhaa waliokuwa wahame walibaki kwa usafiri wa wilaya, na waliobaki walifanya vizuri kuliko wenzao waliohama. Kama ni kwa sababu walibaki, au ni kwa sababu wenye wazazi wa kufuatilia ndio waliobaki, takwimu ya watoto wachache namna hiyo haiwezi kusema.

Masomo ya Jumamosi tuliyojaribu yalikufa ndani ya muhula. Wazazi wa kiwandani wako kazini Jumamosi. Ripoti zilizotafsiriwa kwa Kiswahili nazo hazikusomwa kama tulivyotarajia: baadhi ya wazazi wanasoma Kifaransa, baadhi hawasomi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika moja na nusu, kwa Kiswahili na Kibembe, ndio uliowaleta watu kwenye vikao.

Na familia za kipato cha kati ziliendelea kuondoka kupitia utaratibu wa kuhamishia mtoto shule nyingine ya wilaya. Taarifa yetu yenye namba mbili ilisomwa na bodi. Wanunuzi wa nyumba walisoma alama ambazo tovuti za kuuza nyumba huzipa shule.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kuishia kwenye habari njema. Uchambuzi wa muundo wa wanafunzi una hatari hii: ukishaonyesha kwamba wastani umeshushwa na wanaoingia, unakuwa na kisingizio cha kudumu. Tangu ripoti ya James Coleman ya 1966 inajulikana Marekani kwamba hali ya nyumbani hufuatana na alama kuliko bajeti ya shule, na nimesikia walimu wakuu wakiitumia kama hati ya kujitoa lawamani. Kuwatenganisha watoto kwa historia kulisafisha jina la shule katika kusoma, na kwa takwimu zilezile kukaishtaki katika somo la hesabu la darasa la nne. Asiyekuwa tayari kwa la pili hastahili kulitumia la kwanza.

Kundi rasmi la wanaojifunza Kiingereza linahitaji tahadhari yake. Kila mwaka wanaofaulu mtihani wa Kiingereza huondolewa kundini, na wapya wasiojua neno huingia. Alama za kundi hilo zitabaki chini milele hata shule ikiwa bora duniani. Sheria inaruhusu majimbo kuwahesabu waliotoka kwa hadi miaka minne, na hilo hupunguza tatizo bila kuliondoa. Anayetaka kujua kama watoto wa aina hiyo wanafundishwa awafuate walioingia pamoja, hadi mwisho.

Muda nao haukueleweka. Bodi ilizungumza kama vile mwaka mmoja au miwili ya kituo maalumu ingetosha. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, amekuwa akitofautisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Kiingereza cha kuzungumza na wenzako, kinachokuja ndani ya miaka miwili hivi, na kile cha kusomea sayansi na kuandikia hoja, kinachochukua mitano hadi saba. Mtoto wa darasa la nne anayecheka na kutania kwa Kiingereza uwanjani humdanganya kila mtu, mzazi wake kwanza.

Kilichoshindikana ni kuzungumza na wazazi wa mtaani. Tulitumia nguvu nyingi kuwafikia Wakongo, na kazi hiyo ilihitajika, sheria ya haki za kiraia ya 1964 nayo inadai mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa. Lakini mama wa Kimarekani aliyesimama kwenye mkutano ule na kusema mwanawe hafundishwi sehemu hakupigiwa simu na mtu yeyote kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Alipata taarifa ya kurasa 11. Mwaka uliofuata mwanawe alikuwa shule nyingine.

Lipo jingine ambalo linaendelea ninapoandika. Januari 2025 serikali ya shirikisho ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Wageni wapya shuleni wakawa karibu hakuna. Waliofika 2022 na 2023 wanazidi kupanda, na kila mwaka unaopita bila mtoto mpya wa chini kabisa kwenye hesabu, wastani wa kusoma wa shule utapanda wenyewe, hata walimu wakilala. Gazeti limeshaandika kwamba shule inafufuka. Wilaya imeona idadi ya watoto wasiojua Kiingereza kabisa imepungua, ikapendekeza nafasi moja ya mwalimu wa wageni iondolewe kwenye bajeti ijayo. Tumepeleka jedwali la watoto walio katikati, wanaozungumza vizuri na kuandika kwa shida, ambao ndio wengi sasa na ndio ambao ukuaji wao umeanza kupungua katika darasa la tano. Kikao cha bajeti kimeahirishwa mara moja.